Watoto Wanapelekwa Dar es Salaam Kuona Nini?

Kila ifikapo Juni na Desemba, shule zinapofungwa, vituo vya mabasi vya mikoani hujaa familia za watumishi waendao likizo. Zamani safari hizo zilikuwa na njia moja tu, nayo ni ya kutoka kazini kwenda kijijini kwa wazee. Karani wa Mbeya alirudi Kigoma, mwalimu wa Tabora alirudi Masasi, sukari ikiwa mfukoni na kitenge cha mama kikiwa chini kabisa ya sanduku. Desturi hiyo haijafa wala haistahili kufa. Lakini kizazi cha sasa kimeongeza safari ya pili. Watoto huomba kupelekwa Dar es Salaam. Wameiona katika televisheni na katika simu, wamewasikia wenzao wakiisimulia darasani, na baba aliyejibana mwaka mzima hukubali hatimaye kwamba safari hii familia nzima itakwenda kuliona jiji.

Wapo wanaoiita safari hiyo anasa. Husema kwamba mtumishi wa mshahara mdogo ana nyumba ambayo haijapauliwa, ana michango ya shule, ana wazazi wa kutunza, na kwa hiyo hana sababu ya kuteketeza fedha ili watoto wake wakatazame maghorofa. Hoja hii si ya kubezwa, maana aghalabu husemwa na watu wanaojua bei ya bati. Hata hivyo ina kasoro. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka, na siku hizo hazikuwekwa ili mtu ahamishe jembe kutoka bega hili kwenda bega lile. Mapumziko ni haki ya mfanyakazi kama mshahara ulivyo haki yake. Wala si kweli kwamba kutembea na kutazama ni kazi ya watalii kutoka Ulaya peke yao. Ikiwa mgeni anaweza kusafiri bara zima kuja kulipia mlango wa jumba la makumbusho la Tanzania, mwalimu wa Tanzania anayo haki iliyo kubwa zaidi ya kuingia mlango huo huo akiwa na wanawe.

Basi swali si kama familia iende ama isiende. Swali ni kile inachokwenda kukiona.

Orodha yenyewe inajulikana. Siku ya kwanza ni Kariakoo, kununua viatu na sare za shule, kwa sababu bei ni nafuu. Siku ya pili ni maduka makubwa yenye kiyoyozi na ngazi za umeme, ambako watoto hupanda na kushuka mpaka mlinzi akawakemea. Siku ya tatu ni ufukweni Coco, mihogo ya kukaanga na mawimbi. Siku ya nne hutafutwa daraja la kupigia picha, ama lile la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016, ama lile la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022. Siku zinazosalia hupita sebuleni kwa shemeji, Mbagala au Gongo la Mboto, televisheni ikiwa imewashwa tangu asubuhi. Kisha familia hurudi ilikotoka, na mtoto akiulizwa na wenziwe aliona nini, husema aliona magari mengi.

Haifai kuyadharau haya yote. Mtoto wa Singida anayesimama kwa mara ya kwanza mbele ya bahari, akaonja maji na kuyatema, amejifunza jambo ambalo hakuna ramani ubaoni ingeweza kumfundisha. Madaraja nayo ni kazi ya kujivunia, na hili la Tanzanite lilijengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo kutoka Korea, yaani mtoto anayepigwa picha juu yake atakuja kusaidia kuulipa. Ana haki ya kulitazama vizuri. Tatizo ni kwamba orodha hiyo ingeweza kutimizwa katika jiji lolote la dunia lenye pwani, maduka na daraja. Dar es Salaam yenyewe, mji huu wenye historia yake na majeraha yake, haimo.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Lindi. Basi lake linavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa na kufika Mbagala jioni. Kesho yake anawapeleka watoto wake Kariakoo. Wanaingia Mtaa wa Mahiwa, wanapinda Mtaa wa Narung'ombe, wananunua begi katika Mtaa wa Tandamti. Mama anapatana bei, watoto wanashangaa wingi wa watu, na wote wanatoka salama na mizigo yao. Kumbe wamepita, bila kujua, katikati ya mkoa wao wenyewe. Mahiwa ni mahali karibu na Nyangao, ndani ya mkoa wa Lindi, na ndipo majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipopigana kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, katika mapigano yaliyokuwa makali kuliko yote ya Vita Kuu ya Kwanza katika sehemu hii ya Afrika. Upande wa Waingereza peke yao, zaidi ya watu 2,000 waliuawa au kujeruhiwa. Narung'ombe ni bara ya Kilwa, walikopigana Julai ya mwaka ule ule. Tandamuti ni kilima cha karibu na Lindi, walikopigana Agosti. Vita vilivyoanzishwa na Wazungu kwa sababu za Wazungu vilimalizia ghadhabu yake katika mashamba ya mtama ya mababu wa mwalimu huyu, na majina ya vijiji vyao yakaja kuwa majina ya mitaa ya mji.

Na Kariakoo yenyewe ni nini? Ni jina lililotokana na maneno ya Kiingereza ya kikosi cha wapagazi, yaani watu waliobeba risasi, unga, mahema na majeruhi vichwani na mabegani kwa mamia ya maili ili jeshi la Waingereza lipate kusonga mbele. Kambi ya wapagazi hao ilikuwa hapo. Waafrika walioandikishwa kubeba mizigo, wengi wao kwa kushurutishwa, walihesabika kwa mamia ya maelfu, na waliokufa kwa makumi ya maelfu. Wengi zaidi waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko waliouawa kwa risasi. Vijiji vilivyonyang'anywa vijana wake vilinyang'anywa pia chakula. Hapana shaka kwamba leo, wachukuzi wa Kariakoo wanapopita wakipiga kelele za kuombwa njia, viroba vikiwa vichwani, ni wachache wanaotambua kwamba jina la soko lilipatikana kwa kazi kama yao.

Mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapo, katikati ya Mtaa wa Samora, imesimama Sanamu ya Askari. Kila mtu anaijua, kwa sababu magari huizunguka. Ni sanamu ya shaba, iliyozinduliwa mwaka 1927, ya askari Mwafrika aliyeshika bunduki, singe yake ikielekea bandarini. Chini yake pana maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na maandishi hayo hayakuwataja askari tu. Yamewataja pia wapagazi. Sanamu za namna hiyo zilisimamishwa pia Nairobi na Mombasa. Hebu mtoto asomewe maandishi ya Kiswahili polepole, kisha aulizwe kwa nini askari amechongewa sanamu ilhali mpagazi, aliyekufa kwa wingi zaidi, amepata mstari mmoja tu na jina la soko. Kuna swali jingine gumu zaidi. Sanamu iliwekwa na Waingereza kwa ajili ya waliowatumikia Waingereza. Wako wapi Watanganyika waliobeba mizigo na bunduki upande wa Wajerumani, wengine ndugu wa damu wa hao hao? Mwalimu hahitaji kuwa na jibu. Swali lenyewe linatosha kwa mwendo wa kutoka hapo hadi pwani.

Kabla ya sanamu hiyo mji ulikuwa na nyingine, ya Hermann von Wissmann, yule aliyetumwa na Ujerumani kuyazima mapambano ya watu wa pwani, na ambaye katika mamlaka yake Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Ilifika mpaka Hamburg, ikasimamishwa tena mwaka 1922 karibu na chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wa Kijerumani wenyewe wakaiangusha. Ni vizuri mtoto wa Kitanzania ajue kwamba watoto wa wakoloni nao walikuja kumkataa shujaa wa baba zao.

Huu ndio utajiri wa Dar es Salaam, nao haulipiwi hata senti. Mji wote umeandikwa. Mtaa wa Samora ulikuwa na jina la Kiingereza la miti ya mikakaya, ukaja kuwa wa Uhuru kwa Kiingereza, kisha ukapewa jina la Samora Machel wa Msumbiji. Anayeyajua majina hayo matatu anazijua zama tatu za nchi. Lumumba, Nkrumah, Azikiwe, Sokoine, Bibi Titi Mohamed: kutembea kutoka kona hadi kona ni kufunua kurasa. Hata Makumbusho ya Taifa yamo katika mtaa wenye jina la Shaaban Robert, na watumishi wa serikali wangepaswa kusimama hapo kwa heshima ya pekee, kwa kuwa mshairi huyo alikuwa mwenzao. Alikuwa karani wa idara ya forodha na idara nyingine za serikali kwa miaka mingi, akaandika usiku baada ya saa za kazi. Wale wanaosema kwamba kazi ya ofisi huua akili wamtafutie sababu nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo macho ya mgeni wa mikoani yanaweza kuliona upesi kuliko ya mwenyeji. Mji huu uligawanywa kwa rangi. Tangu enzi za Wajerumani na kuendelea chini ya Waingereza kulikuwa na Uzunguni kandokando ya bahari, penye bustani, hospitali na upepo. Uhindini katikati, penye maduka na ghorofa. Na Uswahilini nyuma, Kariakoo na Ilala, penye nyumba za udongo na vumbi. Kati ya Wahindi na Waafrika ukaachwa uwanja mtupu, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Uwanja huo ni Mnazi Mmoja. Leo watoto huucheza mpira, wazee huketi kivulini, na mnara wenye mfano wa Mwenge wa Uhuru umesimama hapo, mweupe. Mahali palipowekwa ili watu wasichanganyike pamekuja kuwa mahali pa kukusanyika taifa. Mzazi anayemvusha mwanawe Mnazi Mmoja kwa miguu, kutoka Kariakoo kwenda mjini, amemvusha mpaka ambao babu yake asingeuvuka bila kuulizwa anakwenda kwa nani.

Sabasaba nayo imepatwa na mkasa wa ajabu. Likizo ya Juni huangukia karibu na maonyesho ya biashara ya Barabara ya Kilwa, na maelfu ya familia huenda huko. Basi litokalo kusini hupita mbele ya viwanja hivyo hivyo. Wengi hurudi na jagi la plastiki na kalenda. Lakini ukimwuliza mwanafunzi wa darasa la sita kwa nini maonyesho yanaitwa Sabasaba, atajibu kwamba ni kwa sababu yako Sabasaba. Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ya mtaa ulioitwa New Street wakati huo, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba, watu wachache walikutana na kuunda TANU. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Chama cha Waafrika, na wenyewe ndio walioijenga. Nyuma yake ni Kariakoo, mbele yake ni Mnazi Mmoja. Haijalishi mtu ana maoni gani ya siasa za leo. Tarehe ni tarehe, na mahali ni mahali. Kutoka Sabasaba hadi Lumumba ni safari fupi ya daladala. Familia iliyotumia siku nzima kuzunguka mabanda ya majokofu ingeweza kutoa saa moja kwa siku ambayo mabanda hayo yamepewa jina lake.

Walimu wana sababu yao zaidi. Kiongozi aliyechaguliwa siku hizo alikuwa akifundisha Pugu, nje kidogo ya mji, na Machi 1955 aliacha kazi hiyo kwa kuwa ilimbidi achague kati ya chaki na chama. Wanaokuja leo kutoka Morogoro na Dodoma kwa treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, hupita Pugu dakika chache kabla ya kuteremka. Dirisha la upande wowote linatosha. Na Magomeni ipo nyumba ndogo aliyoishi katika miaka ya mwisho ya kupigania uhuru, ambayo sasa imehifadhiwa. Watoto waliozoea kuona majumba ya wakubwa wa leo hushangaa udogo wa vyumba vyake, na mshangao huo ni somo ambalo mzazi hana haja ya kuliongezea neno.

Katika Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa kwa wananchi mwaka 1940, mwalimu wa historia atajihisi kama mtu aliyekutana ana kwa ana na jina alilolitaja kwa miaka 15. Amelichora fuvu la Zinjanthropus ubaoni mara ngapi? Amesema mara ngapi kwamba lilipatikana Oldupai tarehe 17 Julai 1959, na Mary Leakey, na kwamba umri wake ni miaka milioni 1.75 hivi? Wanafunzi wake wameandika, wamefaulu au wamefeli, na hakuna hata mmoja aliyejua ukubwa wake. Hapa ndipo mtoto anapopaswa kusimama muda mrefu kuliko mbele ya ngazi za umeme. Katika viwanja vya makumbusho ipo pia kumbukumbu ya watu 11 waliouawa kwa bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Wazazi wengi wa leo walikuwa wanafunzi siku hiyo, nao wana la kusimulia bila kusoma kibao.

Yapo pia yasiyokuwapo. Mtoto wa Lindi akiuliza yako wapi mafupa ya yule mjusi mkubwa wa Tendaguru aliyesikia habari zake nyumbani, ni lazima ajibiwe kwa ukweli kwamba yako Berlin. Yalichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, zaidi ya tani 200, yakachukuliwa mabegani na wapagazi hadi bandari ya Lindi, nayo yameunganishwa na kusimamishwa huko kuwa fahari ya jumba la makumbusho la Wajerumani. Mpagazi yule yule tena. Likizo nzuri haimfurahishi mtoto tu, bali pia humwachia kitu cha kukasirikia.

Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967 kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, kinahitaji tahadhari kidogo. Nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa hapo kwa miti, udongo na nyasi. Kwa mtoto wa mjini ni ajabu tupu. Kwa mtoto wa kijijini inaweza kuwa fedheha, akiona nyumba ya bibi yake, ambamo bado anaishi, imewekewa kibao na mlango wa kulipia kama kitu kilichokwisha. Mzazi mwenye hekima atamgeuza mwanawe kuwa mwalimu na kumwambia awaeleze wenziwe wa jiji jinsi dari linavyohifadhi mahindi na kwa nini moshi hauwi hasara. Hapo mgeni huwa mwenyeji.

Kwa nini basi haya hayafanyiki? Si haki kuwalaumu wazazi peke yao. Mtumishi anapofika mjini hakuna anayemwongoza. Safari za kutembezwa katikati ya jiji hutangazwa zaidi kwa lugha za kigeni na kwa watu wenye dola. Njia za waenda kwa miguu zimemezwa na magari yaliyoegeshwa na bidhaa zilizotandazwa, hata mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi hulazimika kutembea barabarani. Vibao vya kueleza jengo hili ni nini na lilijengwa lini ni vichache, na vya Kiswahili safi ni vichache zaidi. Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe zama za Sultani Majid wa Zanzibar, liko ng'ambo ya barabara kutoka bandarini. Maelfu hulipita kila siku wakidhani ni ghala. Huyo Majid alifariki mwaka 1870 kabla mji wake haujakamilika, na Barghash aliyemfuata akaupuuza. Si vyema warithi wa mji wamwige Barghash.

Kuna tena ubomoaji. Nyumba za Uhindini zenye roshani, ambazo wajenzi wake walichonga jina la familia na mwaka juu ya kipaji cha mlango, zimekuwa zikiangushwa moja baada ya nyingine ili kupisha minara ya vioo. Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, lakini sheria haina mikono. Hutetewa na watu, na watu hawatetei wasichokijua. Mwananchi ambaye hakuwahi kuletwa na baba yake kutazama jengo, siku linapobomolewa husoma habari zake gazetini kama habari za nchi nyingine. Jiji lililohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022 haliwezi kubaki vile vile, wala hakuna anayelitaka lirudi kuwa kijiji cha Mzizima. Hata hivyo yako majengo machache ambayo yakiondoka hayatengenezwi tena, na orodha yake inafupika.

Lipo jambo linaloweza kufanywa bila kusubiri bajeti kubwa. Vyuo vya ualimu na vyuo vikuu vina wanafunzi wa historia ambao Juni na Julai hukaa bila kazi. Halmashauri ya jiji ikishirikiana na Makumbusho ya Taifa ingeweza kuwaweka kumi au ishirini kati yao, wenye vitambulisho na posho ya chakula, pale Posta na pale Mnazi Mmoja, kila Jumamosi ya likizo, wawatembeze wananchi kwa Kiswahili. Njia ingeanzia stesheni ya zamani ya reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ifuate pwani na kupita bandari ambamo wafanyakazi waligoma mwaka 1939 na tena 1947, ipite kanisa la Kilutheri la Azania Front lililokamilika mwaka 1902, ifike Kivukoni, ipinde kwenye Makumbusho na Bustani ya Mimea, na kumalizikia ukumbi wa Karimjee ambamo Bunge lilikutana kwa miaka mingi. Mtu mzima huimaliza kwa asubuhi moja. Mwenye watoto wadogo ataigawa mara mbili, aanze mapema kabla ya jua la saa tano, na abebe maji.

Shule nazo zisijiweke kando. Mwalimu mkuu anayewapa wanafunzi kazi ya likizo ya kunakili kurasa za kitabu angeweza kuwaagiza walete majina matano ya mitaa ya mji wowote waliotembelea, pamoja na asili ya kila jina. Watakaokwenda Tanga wataleta ya Tanga, watakaokwenda Mwanza wataleta ya Mwanza, na watakaobaki nyumbani watamwuliza mzee wa mtaa wao. Kazi hiyo haigharimu chochote, nayo itamlazimisha mzazi kuinua macho kutoka kwenye bei za viatu.

Amebaki shemeji wa Mbagala, mwenyeji wa wageni hawa. Aghalabu ana miaka 20 mjini, anajua kila njia ya mkato na kila bei ya Kariakoo, na hajawahi kuingia Makumbusho ya Taifa hata siku moja. Husema atakwenda akipata nafasi. Wageni wakija wamchukue naye; nauli yake ni ya daladala tu.